Je, Wajua? Vita Vizima Ndani ya Chumba cha Handaki

Je, wajua kuwa filamu ya Journey's End ilitokana na mchezo wa kuigiza ambao, tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, hautoki nje ya chumba kimoja cha chini ya ardhi? Ni Machi 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu na Saint-Quentin, Ufaransa. Maofisa wa Kiingereza wanajua Wajerumani watashambulia siku yoyote. Wanakunywa whisky, wanalalamikia supu isiyo na pilipili, wanangoja.

Mwandishi wa mchezo huo, R. C. Sherriff, aliyajua mahandaki hayo: alikuwa ofisa wa kikosi cha East Surrey, akajeruhiwa kwenye mapigano ya Passchendaele mwaka 1917. Vita vilipokwisha alirudi kwenye ukarani wa bima, na uandishi wa michezo ya kuigiza aliuanza ili kuichangishia fedha klabu yake ya kupiga makasia.

Je, wajua kuwa wa kwanza kabisa kumwigiza Kapteni Stanhope, mhusika mkuu wa mchezo huo, London, Desemba 1928, alikuwa kijana Laurence Olivier? Mwezi uliofuata Colin Clive alimrithi. Mwongozaji wa mchezo huo, James Whale, aliyeonja uigizaji akiwa mateka wa vita Ujerumani, alienda na Clive Hollywood wakatengeneza filamu ya 1930. Mwaka uliofuata wawili hao walitoa Frankenstein.

Mwaka huohuo wa 1931 Wajerumani nao waliutengenezea mchezo huo filamu, Conrad Veidt akiwa Stanhope. Hebu fikiri: miaka 13 tu baada ya vita, wanaigiza uchungu wa waliokuwa adui zao! Wanazi waliposhika madaraka waliipiga marufuku.

Filamu ya Journey's End ya 2017, ya Saul Dibb, inafanya jambo ambalo jukwaa halikuweza. Katika mchezo, askari wanapotoka mchana kweupe kwenda kumkamata Mjerumani mmoja ili ahojiwe, watazamaji wanabaki na chumba kitupu na milio ya mabomu. Dibb anatoka nao hadi uwanja wa mapambano. Ni kazi nzuri, lakini kwangu kinachouma zaidi ni kinachofuata mezani. Mateka amepatikana, Osborne, rafiki mkubwa wa Stanhope, ameuawa, na usiku huo maofisa wanakula kuku na kunywa shampeni. Ofisa kijana Raleigh anakataa kuketi nao, kwa kuwa anaona Stanhope hajali. Stanhope anamfokea: anakunywa ili asahau, maana aliyekufa ndiye pekee aliyeweza kuzungumza naye lolote.