Je, Nyumba za Utafiti wa Maradhi Zatufaa?

Muhula uliopita chama chetu cha midahalo kilijadili shauri hili: fedha za serikali zinunue dawa na vitanda, si utafiti. Mwenzetu mmoja alisimama akauliza, "Hao wanaolipwa kushika mbu mwituni wamemponya nani?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na tulishindwa kwa kura nyingi. Tangu siku ile nimelifikiri swali lake, maana ni swali la haki. Kodi ni jasho la watu, nao wana haki kujua imezaa nini.

Tutazame mfano wa hapa kwetu Uganda. Mwaka 1936 wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha huko Entebbe nyumba ya kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1950 ikawa ya nchi za Afrika ya Mashariki kwa pamoja, na tangu 1977 ni ya Uganda, nayo yaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi.

Mwezi wa Aprili, 1947, wachunguzi wake walikuwa wameweka kima katika vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kima mmoja alishikwa na homa, na katika damu yake wakaona kirusi kisichojulikana. Mwaka 1948 wakakipata tena katika mbu wa msitu ule ule. Kwa miaka mingi Zika ilidhaniwa kuwa homa ndogo tu. Lakini mwaka 2015 ilienea Brazil, na baadhi ya wanawake walioambukizwa wakiwa wajawazito walizaa watoto wenye vichwa vidogo na ubongo usiokua sawasawa.

Je, wale wa mwituni walifanya kazi bure? Hapana. Kirusi kilikuwa kimekwisha pewa jina na kuandikwa sifa zake, basi madaktari wa Brazil hawakuanzia gizani. Lakini tuseme kweli yote: miaka karibu 70 ilikuwa imepita, na hapakuwa na chanjo wala dawa yake. Uvumbuzi peke yake haumponyi mtu.

Sasa tutazame kazi ya namna nyingine. Mwaka 2003 watu waliuliza: je, dawa za UKIMWI zaweza kutolewa mahali pasipo na maabara ya kupima damu kila mara? Wachunguzi wa Entebbe, Kampala na Harare waliwagawa wagonjwa zaidi ya 3,300 mafungu mawili. Fungu la kwanza walitunzwa kwa kufuata vipimo vya damu vya kila wiki 12. Fungu la pili walitunzwa kwa kutazamwa na kuulizwa hali zao, na vipimo vilitakwa pale tu palipo na haja. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na serikali ya Uingereza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: baada ya miaka 5, katika kila watu 100 wa fungu la kwanza 90 walikuwa hai, na wa fungu la pili 87. Watu watatu si kitu kidogo. Lakini bila dawa wengi wa hao 87 wangalikufa. Basi ikajulikana kwamba kukosa maabara si sababu ya kumnyima mgonjwa dawa.

Kwa hiyo naona yatupasa kuipima nyumba ya utafiti kwa maswali matatu. Kwanza, jambo linalochunguzwa ni shida ya wagonjwa wetu, au ni hamu ya mwenye fedha tu? Pili, jibu lilifika zahanati, na baada ya miaka mingapi? Tatu, kazi hiyo imewaachia watu wetu ujuzi gani? Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, damu ya wagonjwa ilipelekwa Afrika ya Kusini ili ugonjwa ujulikane. Ilipozuka Mubende mwezi wa Septemba, 2022, ilitambuliwa Entebbe, na Januari 2023 ikatangazwa kuwa imekwisha. Ujuzi huo haununuliwi siku ya msiba. Hujengwa katika miaka ambayo watu huona wachunguzi hawafanyi kitu.

Nyumba isiyoweza kujibu hata swali moja katika hayo, ni haki serikali iiulize fedha zimekwenda wapi. Lakini isiulizwe kila mwaka imeponya wangapi, kama hospitali.

Nyumbani kwetu yuko shangazi anayemeza dawa za UKIMWI. Huzipata katika zahanati ndogo isiyo na maabara, naye hulima shamba lake mwenyewe na kunilipia sehemu ya karo. Siku ya mdahalo sikuyajua haya, na kwa hiyo nilinyamaza mwenzetu alipouliza. Shauri hilo likirudishwa tena ukumbini, nitakuwa na jibu.