Barabara ya Muthaiga na Jirani Yake

Ukipanda matatu ya kwenda Thika kutoka mjini Nairobi, fungua macho ukishapita Pangani. Mkono wa kushoto ni Muthaiga: miti mikubwa, nyua ndefu, malango na mabawabu. Mkono wa kulia ni mabati ya Mathare. Barabara moja tu imewatenganisha!

Barabara ya Muthaiga ilijulikana hasa klabu ya walowezi ilipofunguliwa hapo tarehe 31 Desemba 1913. Mwafrika aliingia kama mpishi au boi. Na Mhindi tajiri je? Hata yeye, wapi! Mwaka wa 1923 waraka wa Devonshire ulikataa sheria ya kuwatenga Wazungu na Wahindi mijini. Ungedhani mambo yamekwisha. Kumbe hati za viwanja vya Wazungu zilitiwa masharti: asiye Mzungu asiuziwe wala asikodishiwe, ila mtumishi anaweza kulala kibanda cha nyuma. Basi sheria ikatoka kwa mlango, ikarudi kwa dirisha.

Ng'ambo ile palikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea mji, na watu wakajenga vibanda vyao hapo. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ilivibomoa. Watu walirudi.

Baada ya 1963 mabalozi na mabwanyenye wetu wenyewe ndio waliochukua nyumba za Muthaiga. Rangi ya mwenye nyumba ilibadilika, kiwanja kikabaki kikubwa vile vile. Mtumishi naye bado huvuka asubuhi kutoka Mathare, na tangu barabara ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa 2012, kuivuka si mchezo.