Mashine ya kuotesha ndengu haiui viini

Siku hizi kuna mashine ya umeme inayonyunyizia ndengu maji yenyewe. Baada ya siku 3 hadi 5, machipukizi huwa tayari, yakiwa na vitamini C ambayo ndengu kavu karibu hazina.

Lakini joto na unyevu vinavyootesha mbegu ndivyo pia vinavyozalisha viini. Mwaka wa 2011, zaidi ya watu 50 walifariki Ujerumani kutokana na bakteria zilizokuwa katika machipukizi ya uwatu.

Viini hujificha kwenye nyufa za mbegu, hivyo kuosha pekee hakutoshi. Badilisha maji kila siku, sugua mashine kwa sabuni kila baada ya kuvuna, na uyapike machipukizi yaive, hasa ya watoto, wazee na akina mama wajawazito.