Pengo Chini ya Ngozi

Kwenye steji ya matatu karibu na Hospitali ya Kenyatta, mama mmoja alikuwa amejifunga leso juu ya rinda. Mrija mwembamba ulitokea ubavuni mwake, ukaishia kwenye chupa ya plastiki yenye majimaji mekundu. Alipopanda gari la Kawangware aliikinga chupa kwa kiganja, asije mtu akaibana. Tangu hapo swali halikuniacha: aliyekwisha kukatwa titi, kwa nini arudishwe nyumbani na mzigo huo?

Daktari mpasuaji wa upande wa magharibi wa jiji, ambaye ameondoa matiti kwa miaka mingi, alinijibu kwa kuchora. Titi likitoka, ngozi hulazwa juu ya msuli wa kifua, lakini haijashikamana nao. Katikati hubaki pengo. Mishipa midogo ya limfu iliyokatwa kwapani huendelea kuvuja, na pengo hujaa. Mrija hunyonya majimaji hayo hadi yapungue, aghalabu yasizidi mililita 30 kwa siku. Kuna wanaofika hapo upesi. Kuna wanaolala na chupa kwa wiki kadhaa. Na mrija ukishatolewa, kifua chaweza kufura tena, mama akarudi kudungwa sindano ya kunyonya. Kila safari ni nauli, kila sindano ni mlango wa vijidudu, na kidonda kisipopona, dawa za kemo hungoja.

Kinachomchangamsha daktari huyu ni uzi. Kabla ya kufunga kidonda, huchukua uzi unaoyeyuka mwilini, hushika ngozi kwa ndani, hushika msuli ulio chini yake, huvuta, hufunga fundo. Husogea sentimita chache, hurudia. Safu moja, safu nyingine, hadi kwapani ambako pengo ni refu zaidi. Waliopita Barabara ya Ngong wakawatazama mafundi wa makochi wakivuta uzi ili kitambaa kigandamane na sponji wameuona mshono huu. Mkono hauruhusiwi haraka. Sindano ikipanda mno, ngozi huingia vishimo au hukosa damu; ikishuka mno kati ya mbavu, pafu halipo mbali. Vishimo vidogo hulainika uzi unapoyeyuka, na yeye huwaeleza kina mama mapema, wasishtuke mbele ya kioo.

Mbinu si yake. Watafiti wa Uholanzi walilinganisha uzi, gundi na ufungaji wa kawaida, na kati ya waliotiwa uzi, wachache zaidi walihitaji kunyonywa maji. Baadhi ya wapasuaji wameacha mrija kabisa. Yeye hajafika huko: kwapa likisafishwa tezi zote bado huuweka, ila huutoa mapema.

Anasadiki kwamba anayefaidika zaidi ni mama anayeishi mbali, asiye na wa kumbadilishia chupa. Namwamini. Lakini mama wa aina hiyo hulazwa hospitali ya umma, na huko hakuna anayemuuliza atashonwaje. Mshono huu huongeza muda mezani, dawa ya usingizi ikiendelea kutumika. Nilimuuliza dakika hizo zitakatwa kwa mgonjwa gani, ikiwa orodha ya siku ni ndefu na chumba cha upasuaji ni kimoja. Aliweka kalamu chini. Alisema hata yeye hujiuliza hivyo, kila anapofika kwapani na mgonjwa wa pili ameshaletwa mlangoni.