Kujikaza Si Kukosa Uchungu

Wageni wanaotembelea miradi ya visiwani na mwambao wa Ziwa Victoria mara nyingi hushangaa: mbona watu hawa husimulia msiba bila kutoa chozi? Si kwamba hawana uchungu. Malezi ya hapa humfundisha mtu, hasa mwanaume, kuumeza uchungu mbele za watu. Neno "jikaze" kila mtoto amelisikia.

Tabia hii ina faida zake. Ziwa likichafuka, abiria wakakimbilia upande mmoja, chombo huzidi kuinama. Mtu mtulivu akibaki palepale na kusema kwa sauti ya kawaida, wengine humfuata. Msibani pia wanahitajika wa kuchimba kaburi na kuandika michango.

Hata hivyo, ina hasara. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitokea Bugolora, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Watu 228 walifariki, 41 wakaokolewa. Katika misiba kama hii, anayelia hukaliwa karibu na kufarijiwa. Aliyenyamaza hupewa kazi. Miezi ikipita, huenda huyo aliyenyamaza akakosa usingizi, akazidisha pombe, au akaogopa kupanda mtumbwi ingawa riziki yake iko majini. Watu humwita mvivu au mlevi, wala hawakumbuki kwamba alifiwa.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za sharika mambo yafuatayo:

1. Orodha ya kutembelewa ifuate nani amefiwa, si nani amelia.

2. Msimhoji mtu mbele ya kikao. Kaeni naye akishona nyavu au akipalilia. Mikono ikiwa kazini, maneno huja yenyewe.

3. Msimlazimishe kusimulia wala kulia. Rudini tena baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka.

4. Akishindwa kulala au kufanya kazi kwa muda mrefu, msindikizeni kituo cha afya.

Nanyi wafadhili wetu, tunaomba mkumbuke kuwa ukimya kikaoni si ridhaa, wala si kutojali. Picha ya mama anayelia haipimi uhitaji wa kijiji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Tusisubiri mshindo ndipo tubishe hodi.