Samaki Wako Hawaumwi

Swali ni lile lile na picha ni ile ile: tangi jipya la futi nne, maji yenye ukungu, samaki wawili wameelea tumbo juu, waliobaki wamejikusanya usoni mwa maji wakihema. Kisha maandishi chini yake: "Niweke dawa gani?" Wiki hii limetoka Kaloleni, Nairobi, kwa mtu aliyejaza maji asubuhi na kuingiza samaki jioni ya siku hiyo hiyo.

Hakuna dawa. Samaki hao hawaumwi. Wanaunguzwa na taka zao wenyewe.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua. Ziwani hupotelea kwenye maji mengi. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria wa aina mbili: wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hawa hawaogelei majini. Hushika kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na mawe, na huzaana polepole mno. Tangi huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kubeba samaki, na katika baridi ya Julai ya Nairobi ni zaidi ya hapo. "Nimeacha maji yakakaa wiki nzima" si jibu. Maji matupu yakikaa wiki nzima yanabaki maji matupu, kwa sababu bakteria hawajapewa chakula.

Basi tuje kwenye ile chupa ndogo ya buluu. Kila muuzaji anayo, kila jirani mwenye tangi anaisifu, na mimi nimechoka nayo. Ndani yake mara nyingi mna methilini buluu, rangi ya vitambaa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1876 na Heinrich Caro. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwapa nayo wagonjwa wa malaria. Kwa hiyo si uganga. Hospitalini bado hutumika kwa mtu ambaye damu yake imeharibika ikashindwa kubeba oksijeni, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Nitriti huiharibu damu ya samaki kwa namna iyo hiyo, hata ikawa kahawia kama kahawa. Ukimtia buluu, anaweza kuchangamka kesho yake. Mwenye tangi anapiga simu kushukuru, muuzaji amepata shahidi, na chupa nyingine inauzwa.

Kinachofuata hakipigiwi simu. Buluu ile ile huwadhuru bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika kwenye sponji. Amonia inapanda upya, samaki wanazidiwa tena, wanaongezewa dozi. Baada ya wiki mbili tangi halina samaki wala bakteria, na silikoni ya pembeni imekuwa buluu moja kwa moja. Dawa hiyo ina mahali pake: kwenye ndoo, kwa samaki mmoja mwenye kuvu, au kwa mayai. Ndani ya tangi kubwa ni hasara tupu. Chumvi nayo ina kazi yake, maana kloridi huzuia nitriti kupenya matamvua, lakini amonia haiigusi kabisa.

Dawa ikishindwa, watu hugeukia dekio: maji yote yanamwagwa, mawe yanasuguliwa, sponji inaoshwa chini ya mfereji kwa sabuni. Huo ndio usafi unaoua. Sponji husuuzwa ndani ya karai lenye maji ya tangi lenyewe, basi.

Kwa mitaa ya Eastlands ya Nairobi kuna hatari ya ziada ambayo vitabu vya ng'ambo haviitaji. Maji ya mfereji wa Nairobi, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ni laini, hayana madini mengi. Mgao ukiwafikia, mnanunua maji ya boza au ya mkokoteni, na mara nyingi hayo ni ya kisima kirefu, yenye magadi ndani yake. Katika maji ya magadi, amonia kiasi kile kile huwa kali zaidi. Ukibadilisha tangi zima kwa maji ya kisima usiku, samaki waliokuwa wakivumilia jioni unawakuta wamekufa asubuhi, na lawama anabebeshwa muuzaji.

Sasa upesi upesi, kwa anayetaka kuanza vizuri. Anza na tangi kubwa, si na bakuli. Maji mengi hayageuki ghafla. Sentimita 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300, yaani mitungi 15, na ni kilo 300 kabla ya kioo na mawe. Nyumba nyingi za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, sakafu zake zimelala juu ya ardhi, hazina tatizo. Aliye ghorofani Umoja aliweke kando ya ukuta, asiliweke katikati ya chumba. Mwambie fundi vioo akupe milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya kuvu, kisha lijaze uani siku mbili uone kama linavuja. Liweke mbali na dirisha, la sivyo utafuga mwani. Acha maji wazi siku nzima klorini itoke.

Pampu ya filta isukume lita 1,200 hadi 1,500 kwa saa. Tupa omena kadhaa zioze, ndicho chakula cha bakteria. Ukipata kipande cha sponji chafu cha tangi la rafiki lenye afya, umeokoa wiki kadhaa. Nunua vipimo vya maji badala ya dawa. Amonia sifuri, nitriti sifuri, ndipo uingize samaki watano au sita, wengine baada ya wiki mbili.

Samaki dhahabu hawahitaji hita, ila hukua sana. Wale wa rangi wa Ziwa Malawi wanataka nyuzi 25 na maji yenye madini. Hita ya wati 300 ikiwaka nusu ya siku hula yuniti 3.6 za tokeni. Pampu ya wati 25, ikiwaka mchana na usiku, hula 0.6 tu. Stima ikipotea saa nyingi, isuuze filta kabla ya kuiwasha. Kila wiki toa robo ya maji, mitungi isiyofika minne, umwagie sukuma wiki.

Mpenda vya nyumbani atafute fulu, samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Mbuta aliyeingizwa humo miaka ya 1950 aliwamaliza wengi, na baadhi ya jamii zao leo hutunzwa kwenye matangi Ulaya na Marekani. Kwa kuwa samaki mgeni anaweza kuwamaliza wenyeji, ukichoka na samaki wako mrudishie muuzaji au mpe jirani. Usiwamwage mtoni wala bwawani.