Kiswahili cha mtoto wa ughaibuni: kifaa kipi kinafaa?

Wazazi wengi walioko London, Toronto au Minneapolis wana lalamiko moja: mtoto anaelewa kila anachoambiwa kwa Kiswahili, ila akijibu, ni Kiingereza kitupu. Dawa wanayoikimbilia ni kumwekea programu ya lugha kwenye simu. Nia ni njema, lakini mtoto hupata lugha anapoongea na mtu anayemjibu.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha jaribio lao kuhusu watoto wachanga wa Kimarekani waliokuwa na umri wa miezi 9. Waliocheza na kusomewa vitabu na wazungumzaji wa Kichina kwa vipindi 12 waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao waliopata vipindi hivyo kwa televisheni au sauti iliyorekodiwa hawakuambulia kitu. Mwaka 2014 Sarah Roseberry na wenzake wakaonyesha kwamba watoto wa miaka miwili hivi hujifunza vitenzi vipya kwa simu ya video sawa na ana kwa ana. Video iliyorekodiwa haikuwasaidia.

Katika Kiswahili majibu ya mtu anayezungumza na mtoto yana kazi kubwa, hasa kwenye upatanisho wa ngeli. Mtoto atasema, "Bibi, paka yangu imekula samaki yote!" Bibi atashtuka: "Ehee! Paka wako amekula samaki wote? Sasa wewe umekula nini?" Hapo amesahihisha mambo matatu bila kumkatiza mjukuu wala kumtahayarisha, na mazungumzo yanaendelea.

Tatizo ni kwamba simu nyingi za familia huishia kwenye "Shikamoo bibi," "Marahaba, hujambo?" kisha mtoto anamrudishia mama simu. Mpeni jambo la kufanya. Bibi aeleze namna ya kukanda unga wa maandazi, mjukuu akande huku akiuliza iliki inatiwa lini. Saa zikigongana, kwa kuwa, kwa mfano, Seattle iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 10 au 11, tumieni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mtoto ataurudia kuusikiliza, na wake ataufuta na kuurekodi upya mpaka aridhike.

Katuni za Kiswahili kama Akili and Me na Ubongo Kids, zinazotengenezwa Tanzania, zinafaa ukikaa naye, ukazisimamisha na kumuuliza kitatokea nini. Hadithi za African Storybook ni za bure na zinaruhusiwa kubadilishwa: mtoto aweke jina lake ndani, asome kwa sauti, amtumie babu. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo, iliyoanza mwaka 2017, hufundisha kupitia Kiingereza. Itamfaa zaidi kijana mkubwa au mzazi asiyejua Kiswahili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Muda ni mdogo, basi tuutumie kwa wanaomjibu. Kabla hujapakua programu nyingine, mpigie shangazi au bibi mpange siku ya kuongea na mtoto, na mtoto awe na swali lake tayari.